Apdeti imefuta mabadiliko yangu, mafaili ya huduma yanakaa wapi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Kwenye seva yangu ya Debian nilifungua faili la huduma kule /usr/lib/systemd/system nikabadilisha mstari wa ExecStart (ule wenye komandi ya kuwasha huduma), ikakubali vizuri tu, juzi nimefanya apdeti kila kitu kimerudi kama zamani. Halafu nina mashine ingine ya Alpine, hiyo folda hata haipo. Nisaidie.

JIBU: Pole sana ndugu, hilo limewakuta wengi. Ile folda ni ya pakeji, apdeti ikija inaandika juu yake bila kukuuliza. Ya kwako ni /etc/systemd/system, faili la jina lilelile likiwepo huko systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Debian) inasoma la /etc inaliacha lile lingine. Ila kwa mstari mmoja usikopi faili zima, andika systemctl edit na jina la huduma, ukisevu inakutengenezea override.conf ndani ya folda yenye jina la huduma likiishia na .d. Hapa ndo watu wanapokwama: ExecStart= iandike kwanza tupu, halafu mstari wa chini yake ndo uweke komandi yako, usipofanya hivyo systemd inahesabu komandi mbili na huduma ya kawaida inagoma kuwaka. Kisha systemctl cat itakuonyesha kila kipande kimetoka faili gani, mimi hiyo naitumia kila siku.

Alpine haitumii systemd, inatumia OpenRC, ambayo nayo kazi yake ni kuwasha huduma. Skripti ziko /etc/init.d, mipangilio iko /etc/conf.d kwa jina lilelile, kwa hiyo skripti yenyewe huigusi kabisa, na kwa kweli mpango huu naupenda. Kuwasha huduma mashine ikiwaka ni rc-update add, inaweka linki kwenye /etc/runlevels. SysV, mfumo wa zamani wa kuwasha huduma, nayo ina /etc/init.d, ila linki zake za S (kuwasha) na K (kuzima) ziko /etc/rc2.d na wenzake. Void, Linux nyingine inayowasha huduma kwa runit, kila huduma ni folda ndani ya /etc/sv, na linki yake unaiweka /var/service.

Debian imehamia systemd toleo la 8, mwaka 2015, ndo maana maelekezo ya kale bado yanakutuma /etc/inittab, faili la mipangilio ya kuwaka kwa mashine, ambayo systemd haiiangalii. Kwa hiyo ukiingia mashine usiyoijua, kabla hujagusa kitu piga cat /proc/1/comm, inakupa jina la programu ya kwanza kuwaka. Ikijibu systemd umeshajua, ikijibu init tu fungua /etc/inittab, ukikuta openrc imetajwa mle basi ni yenyewe.