Kabla ya kuilaumu lenzi kwa picha zisizokolea

Lenzi nyingi ninazoletewa na wenzangu kwa madai kwamba hazishiki fokasi huwa nzima kabisa, na kasoro hupatikana mahali lenzi inapokutana na kamera, au kwenye swichi ndogo iliyo ubavuni mwake. Kwa hiyo huanza kwa kuzima kamera, kuitoa lenzi na kukagua viguso vya rangi ya dhahabu vilivyopangwa nyuma yake, kwani mawasiliano yote hupitia hapo, na mafuta ya kidole yakivizuia, kamera za Canon, kwa mfano, huweza kuonyesha 00 mahali pa namba ya tundu la mwanga. Kitambaa laini na kikavu kisichoacha nyuzi hutosha kuvisafisha. Msasa usiusogeze karibu.

Unapoirudisha lenzi, inamisha kamera ili vumbi lisiingie kwenye sensa (kipande cha ndani kinachonasa picha), linganisha alama mbili, ya lenzi na ya kamera, kisha zungusha hadi usikie mlio wa kufunga. Mlio usiposikika, lenzi haijakaa.

Jambo linaloharibu lenzi nyingi kuliko vumbi ni mkono usio na subira kwenye pete ya fokasi. Lenzi zenye mota za kawaida huendeshwa kwa vigiya vidogo, na ukiizungusha pete kwa nguvu swichi ikiwa bado kwenye AF (fokasi ya kujiendesha), unashindana na vigiya hivyo hadi vilike au vivunjike. Lenzi zenye mota ya mviringo ya mawimbi ya sauti kwa kawaida huruhusu kuguswa wakati wowote, lakini si zote zilizoandikwa USM, herufi za Canon za mota za mawimbi hayo, zina mota ya aina hiyo. Canon EF 50mm f/1.8 II, ambayo wanaoanza huipenda kwa wepesi wake wa gramu 130, ina pete nyembamba mbele kabisa inayozunguka yenyewe wakati wa kufokasi. Ishike lenzi hiyo shinani, vidole vikae mbali na pete.

Wanunuzi wa lenzi za Nikon zilizotumika nao wana mtego wao. Lenzi za AF na AF-D za zamani hazina mota ndani, bali huzungushwa na mota ya kamera, na kamera kama D40 ya mwaka 2006, pamoja na zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota hiyo. Lenzi itapiga picha, ila utafokasi kwa mkono, na nimeona watu wakizitupa kabatini wakidhani zimekufa.

Mota ikienda mbele na nyuma bila kutulia, pengine umekaribia mno unachopiga (kwa 50mm niliyoitaja, kikomo ni sentimita 45), au umeelekeza alama ya fokasi (nukta ya kwenye kidirisha inayoonyesha kamera inapolenga) kwenye ukuta mtupu usio na mstari wa kushikia. Chagua alama mwenyewe, uiweke kwenye ukingo wa jicho au kwenye maandishi.

Yote hayo yakiwa sawa, weka kamera yenye kioo ndani (DSLR) kwenye stendi, piga picha kupitia kidirisha cha kuchungulia, kisha urudie kupitia skrini ya nyuma, ambako fokasi hupimwa na sensa yenyewe. Ya skrini ikikolea na ya kidirisha isikolee kila unaporudia, kamera na lenzi havijalinganishwa. Hapo nenda kwa fundi, na umpelekee vyote viwili, maana hawezi kuvilinganisha akiwa na kimoja.