Usaili wa fiziotherapia ukiwa umebakiwa na wiki moja

Wiki moja inatosha kujiandaa kwa usaili wa chuo cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Anza na swali lisilokosekana: kwa nini fiziotherapia, si uuguzi wala udaktari? "Napenda kusaidia watu" halitoshi, hata muuguzi angesema hivyo. Eleza ulichokiona ulipomtazama mtaalamu kazini: alivyopima goti linakunjika nyuzi ngapi, alivyomfundisha mtu aliyepata kiharusi kuinuka kitini, kwa nini alibadilisha zoezi katikati. Jina la mgonjwa usilitaje kabisa.

Swali la maadili nalo linaweza kukuangusha. Mgonjwa anakataa mazoezi, utafanyaje? Usikimbilie kumshawishi. Muulize kwanza sababu: ni maumivu, hofu ya kuanguka, au uchovu? Kisha mweleze faida, mpe zoezi jepesi zaidi. Akikataa bado, heshimu uamuzi wake, andika kwenye faili, mjulishe msimamizi.

Jirekodi kwa simu ukijibu kwa sauti, dakika 2 kila swali. Ila usikariri neno kwa neno, maana ukikatizwa katikati utapotea.