Hedhi Inamhusu Nini Mwalimu wa Hisabati?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa hisabati wa Kidato cha Tatu katika sekondari moja ya kutwa mkoani Lindi. Mkuu wetu wa shule ameagiza kwamba elimu ya afya ya uzazi na mahusiano isiachiwe mwalimu wa bayolojia peke yake, bali kila mmoja wetu aiingize katika somo lake. Naona haya kutamka neno hedhi mbele ya wavulana, na tayari wapo wazazi wanaosema tunawafundisha watoto uhuni. Je, jambo hili linanihusu nini? (Mwalimu, Lindi)

JIBU: Mwalimu, linakuhusu, tena kwa hisabati yenyewe. Mwenzako wa bayolojia huchora mfumo wa uzazi ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake kwa Kiingereza, na wanafunzi wakayakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini binti huyohuyo aliyepata alama zote ukimwuliza ni siku zipi anaweza kushika mimba, huenda akakujibu yale aliyoyasikia kwa shoga yake bombani.

Utakapofika kwenye mada ya takwimu, andika ubaoni urefu wa mizunguko mitano ya hedhi ya msichana wa kubuni: siku 26, 31, 29, 35 na 24. Jumla ni 145, na wastani ni 29. Waulize kama wastani huo unamhakikishia msichana siku ya hedhi ijayo, ilhali kati ya mzunguko mrefu na mfupi kuna tofauti ya siku 11. Kisha waeleze kwamba yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, hivyo katika mzunguko wa siku 24 huwa karibu na siku ya 10, na katika ule wa siku 35 karibu na siku ya 21, na kwamba mbegu za kiume zaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Darasa likishapiga hesabu hizo lenyewe, imani ya “siku salama” itaporomoka bila wewe kuhubiri. Ninakusihi jambo moja tu: usimwombe msichana yeyote akutajie siku zake mwenyewe.

Haya uliyo nayo haikuvunjii heshima. Huko kusini mnajua kuliko wengi wetu kwamba mambo haya yalikuwa na mahali pake, binti akifundwa na kungwi katika unyago na mvulana akienda jando, kila mmoja upande wake. Lakini mvulana aliyekua bila kuambiwa lolote kuhusu hedhi ndiye anayecheka akiona doa kwenye sketi, na msichana akajifunga sweta kiunoni, akarudi nyumbani saa nne asubuhi na kukikosa kipindi chako.

Wenzako nao wana sehemu yao. Wa uraia aeleze kwamba Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na kwamba tangu Novemba 2021 Serikali inamruhusu aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida. Wa Kiswahili anaweza kutumia maigizo, wanafunzi wakazoea kutamka kwa sauti maneno ya kumkatalia kijana wa bodaboda anayetoa lifti kila asubuhi na jioni akaleta chipsi; nami naamini kukataa hujifunzwa kwa kinywa, hakutoshi kuandikwa daftarini.

Kuhusu wazazi, waalikeni shuleni muwaonyeshe zile namba tano. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliozingatia tafiti za nchi nyingi, unaeleza kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono.

Jiandae pia kwa atakayebaki darasani wenzake wakishatoka. Msikilize, wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu akiwa anadhulumiwa itakubidi umfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha na katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ipo pia simu ya bure ya watoto, namba 116. Iandike pembeni mwa ubao siku ya kipindi hicho, na usiifute ukitoka.