Barua kwa mwanangu: kabla hujachukua mkopo wa mashine

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Huku Morogoro hatujambo, na kifua cha baba yako kimepoa. Ujumbe wako nimeusoma wote. Unasema mkopo wa shilingi milioni sita umeshakubaliwa, fundi wa mashine ya kusagia karanga anasubiri kianzio, na kila uliyemwonjesha siagi yako ya karanga ameisifia. Kisha umeuliza: “Mama, nitajuaje kama watu watanunua kweli, kabla sijaanza kudaiwa?”

Swali hilo limenipa raha, maana wengi huliuliza mashine ikiwa imeshafungwa ukutani.

Fundi mwambie asubiri, na mkopo usiuchukue kwanza. Anza kuuza siagi hiyo bila mashine yako. Hapo Dodoma tafuta mwenye mashine akusagie kwa kilo, umlipe, ufunge kwenye chupa, uingie mtaani. Kiasi utakachopoteza kwa kusagisha kwa watu ni kidogo sana ukilinganisha na marejesho ya mwaka mzima.

Sifa ulizopewa ziweke pembeni. Sisemi wamekudanganya. Kwetu mtu akionjeshwa chakula hasemi kibaya mbele ya aliyekipika. Atasema kitamu, Mungu akuzidishie, na dua ile anaimaanisha. Shangazi zako na wenzako wa kazini wanakupenda, na upendo wao unaingia kwenye kijiko pamoja na siagi. Hata mtu asiyekujua, ukimwuliza “ikiletwa dukani utanunua?” atajibu ndiyo, kwa sababu kusema ndiyo hakumgharimu senti na kunampa nafasi ya kuondoka kwa amani.

Muulize mtu mambo aliyokwisha kuyafanya. Jana asubuhi watoto walikula nini na chai? Chupa ya mwisho ya siagi ya karanga ulinunua lini, duka gani, kwa shilingi ngapi, na nani aliimaliza? Anayekumbuka bei huyo hununua. Anayesema hajawahi kununua, yeye hutwanga karanga mwenyewe za kuunga mchicha, amekupa habari nzito vilevile: kwake unashindana na kinu chake. Andika alivyosema, usibishane naye. Ukishaanza kumshawishi umeacha kuuliza.

Nilipokuwa bado nafundisha masomo ya biashara sekondari, mfano niliopenda kuwapa wanafunzi ni M-Pesa, kwa sababu watu wanajua ilivyofanikiwa na hawajui ilivyoanza. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio Kenya wakishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Wateja walikuwa kama 500 tu, huko Mathare, katikati ya jiji la Nairobi, na huko Thika, na mawakala walikuwa wanane. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kinachokaribiana na hicho. Nick Hughes aliyeleta wazo, na Susie Lonie aliyesimamia majaribio, walitaka kuona kama mkopaji anaweza kulipa rejesho lake kwa simu badala ya kubeba fedha mkononi hadi kwenye mkutano wa kikundi.

Waliowatazama wateja wale wakaona mambo mengine. Mtu alimlipia mwenzake rejesho, yule akamrudishia kwa simu. Wengine walituma hela kwa ndugu walio mbali. Wafanyabiashara waliweka fedha mahali pamoja, wakasafiri bila kitu mfukoni, wakazitoa walikofika. Upande wa marejesho wenyewe ulikuwa na taabu, maana hesabu za simu hazikukaa vizuri na vitabu vya taasisi wala na utaratibu wa vikundi. Basi M-Pesa ilipofunguliwa kwa nchi nzima Machi 2007, haikutangazwa kama njia ya kulipa mkopo. Ilitangazwa kwa ujumbe mmoja mwepesi: tuma pesa nyumbani.

Na haja ile ilikuwepo kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Uganda, Ghana na Botswana watu walikuwa wameshaanza kutumiana muda wa maongezi kama fedha, bila mtu kuwafundisha.

Ndiyo maana nataka chupa zako za mwanzo uzifuate mpaka jikoni kwa mnunuzi. Muulize imeliwa na nani, saa ngapi, pamoja na nini. Wewe unadhani unauza cha kupaka mkate. Huenda mama wa Nkuhungu anakoroga kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto, na kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaila kavu usiku akisoma, kwa kuwa chumbani hana jiko. Hizo ni bidhaa mbili tofauti. Ya uji haitaki sukari wala chumvi, isagwe laini kabisa, na mama atauliza usalama kabla ya kuuliza bei. Ya mwanafunzi inataka kikopo kidogo anachoweza kumudu wiki ambayo hela ya kujikimu imekwisha. Sasa niambie, fundi anakutengenezea mashine gani ikiwa hujajua bado kama wanataka laini au yenye chengachenga? Ukilipa leo, utakuwa umeshachagua mteja kabla hujakutana naye.

Tuje kwenye hesabu, maana majaribio yasiyo na namba yatakuacha na hisia tu. Umeandika kwamba chupa ya gramu 400 utaiuza 6,000, na gharama yake ni 4,200: karanga, kusaga, chupa, kifuniko, lebo. Inabaki 1,800. Marejesho ni 600,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Gawanya, utapata chupa 334 kwa mwezi ili ulipe deni tu, kabla ya pango, kabla ya kumlipa msichana wa kukusaidia, kabla wewe mwenyewe hujala. Ni chupa 11 kwa siku, Jumapili zikiwemo. Hicho ndicho unachokwenda kukitafuta mtaani. Ukiuliza kama watu wataipenda, utapata maneno. Ukiuliza kama unaweza kuuza chupa 11 kila siku kwa 6,000 kwa watu wasio ndugu zako, miezi miwili hivi itakupa jibu.

Anza na chupa 40. Piga picha nzuri, uzitume kwenye makundi yako ya WhatsApp, ila weka bei na utaratibu: anayetaka analipa nusu kwa simu, anapelekewa Jumamosi. Wengi watakuwekea vidole gumba na mioyo. Wachache watatuma 3,000. Hesabu hao wachache. Ndugu na marafiki wauzie, tena kwa bei ileile, lakini waandike ukurasa wao peke yao nyuma ya daftari, wasiingie kwenye jumla.

Usione aibu kupokea hela kabla chupa haijajazwa, mradi Jumamosi ikifika umepeleka. Kuna Mmarekani, Nick Swinmurn, ambaye mwaka 1999 alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu miguuni. Hakununua shehena ya viatu wala kupanga ghala. Alikwenda kwenye maduka ya karibu, akapiga picha viatu vyao, akaziweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, anarudi dukani kununua jozi ile kwa bei ya rafu na kumtumia. Faida hakuipata kwenye jozi zile, na hakuwa akiitafuta. Alikuwa ananunua jibu. Kampuni ile ikaja kuwa Zappos, na mwaka 2009 Amazon ikainunua. Wewe ukisagisha kwa mtu faida itapungua vivyo hivyo. Usihuzunike, na usipandishe bei ili kuifidia, maana utakuwa umepima bei ambayo hutaiuza baadaye.

Hapa nizungumze kama mtu wa sokoni. Utapeleka siagi dukani, mwenye duka ataitazama, atasema “ni nzuri, niachie kumi na mbili, nikiuza nakupa chako.” Utatoka umefurahi. Mwanangu, mali kauli haikuambii chochote. Yeye hajaweka shilingi yake hapo. Chupa zako zinajaza rafu, zisipotoka anakurudishia na vumbi lake. Nimeona wenye bidhaa nzuri kabisa wakizunguka maduka ishirini wakiamini wameuza, kumbe wamegawa mtaji. Muuzie mwenye duka chupa tatu tu, kwa fedha taslimu, hata ukimpunguzia kidogo. Akilipa, usimpigie simu. Ngoja uone kama yeye ndiye atakayekutafuta kuomba nyingine. Duka moja lililokutafuta lenyewe lina uzito kuliko kumi yaliyokubali kuwekewa.

Vivyo hivyo kwa mnunuzi wa nyumbani. Mara ya kwanza mtu hununua kwa hamu ya kujua, au kwa kukuonea huruma. Ya pili hununua kwa sababu chupa imekwisha na watoto wanaidai. Nyumba yenye watoto wawili watatu itaimaliza chupa ile kwa wiki mbili au tatu, kwa hiyo majaribio ya wiki moja hayatoshi hata kidogo. Kwenye daftari lako weka tarehe ya kwanza na tarehe ya kurudi. Safu ya pili ikiwa tupu baada ya mwezi na nusu, tatizo halipo kwenye matangazo.

Angalia pia msimu, usije ukadanganywa na mwezi. Mwanzoni mwa Januari na Julai wazazi wananunua vitu vya wanao wanaokwenda bweni, na siagi ya karanga imo kwenye orodha ya wengi. Ukijaribu wiki hizo utaona Dodoma nzima inakutaka. Wanafunzi wa chuo nao huondoka likizo, mauzo yanakatika ghafla. Watumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wanavuta pumzi mshahara ukitoka na kubana mkanda baada ya tarehe 15. Jaribu ndani ya miezi ya kawaida, upitie tarehe za mwanzo na za mwisho, upande wa watumishi na upande wa mitaa ya kipato cha chini. Bei nazo zijaribu: mtaa mmoja 6,000, mtaa wa mbali 5,000, na mahali pengine kikopo kidogo cha 1,500. Watu wetu wengi wananunua kwa kipimo cha siku, mafuta, sukari, hata sabuni. Asiyeweza kutoa 6,000 kwa mkupuo anaweza kukupa 1,500 mara nne kwa mwezi, na huyo usimdharau.

Jambo moja sikubali liitwe majaribio. Karanga huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na hukumbuki vizuri labda, lakini mwaka 2016 watu walifariki hapo Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Kukaanga hakuiondoi. Chambua moja moja, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi, nunua kwa mtu anayejua kuanika, na usisagishe kwenye mashine iliyotoka kusaga mabaki ya jana. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, mapema, kabla hata ya chupa ya kwanza, wakuelekeze usindikaji na njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Mteja wa chupa ya majaribio anakula kama yule wa chupa ya elfu moja.

Sasa kabla hujauza hata moja, kaa uandike kwenye karatasi namba zako, uzitie tarehe na sahihi. Wiki ya nane nikiwa nauza chupa kadhaa kwa siku kwa watu nisiowajua, na nusu yao wamerudi, nachukua mkopo. Nikiwa chini ya kiasi fulani, nauacha. Na nikiwa katikati, nabadilisha kifungashio au mteja, najaribu tena bila kukopa. Andika wewe, mimi nisikuchagulie. Ukingoja kuandika baadaye, moyo utakuwa umeshaipenda kazi na utashusha kipimo mpaka kikufikie ulipo.

Afisa mikopo akikuambia nafasi itapita, mwambie utaomba upya ukiwa na daftari la mauzo mkononi. Hakuna mkopeshaji anayemkimbia mtu mwenye daftari.

Kesho nakutumia shilingi 168,000 kwa simu. Ni gharama ya chupa 40 kwa hesabu yako mwenyewe ya 4,200. Usinirudishie. Lakini iingize kwenye daftari kama gharama, yote, kama vile umeikopa kwa mtu baki; ukiiandika kama zawadi ya mama, kila chupa itaonekana ina faida ambayo haipo.

Msalimie mkweo, na nipigie Jumapili jioni nikiwa nimetulia, unisomee hizo namba ulizoandika.

Mama yako