Nimejaribu kuwalisha wanakondoo mwani ili nyama iwe na omega-3

Mkuu, umeuliza kama ukiwapa wanakondoo mwani wa ufukweni utapata nyama yenye omega-3, yale mafuta mazuri ya samaki, kama ya Ulaya. Mimi niko Mkinga, Tanga, na hilo nimeshalifanya. Ngoja nikuokolee pumba zako.

Niliokota spinosum, mwani unaolimwa huku, iliyokatika kwenye kamba za kina mama wakulima, nikaiosha maji baridi mara tatu, nikaianika juu ya bati, nikaitwanga na kuichanganya na pumba na mashudu ya alizeti. Siku ya kwanza madume sita walinusa wakageuka. Walipozoea, kazi ikawa kunywa maji kutwa nzima, na kinyesi kikalainika kama cha ndama. Chumvi hiyo, pamoja na kuosha kote. Wawili tuliwachinja Idi. Hakuna mlaji aliyeona tofauti.

Kilichoniponza ni jina. Wenzetu wa Ulaya wanaposema mwani mara nyingi wana maana ya Schizochytrium, kiumbe cha baharini kisichoonekana kwa macho, kinachokuzwa kwenye matangi. Karibu nusu ya uzito wake mkavu huweza kuwa mafuta, na DHA, ile omega-3 ya samaki, imo tele. Spinosum na mwenzake cottonii, mwani mwingine wa kulimwa, mafuta yake hayafiki asilimia 5; soko lake ni ule ute unaotumika kugandisha vyakula. Spirulina nayo, ule unga wa kijani wa virutubisho, haina DHA ya maana.

Halafu kuna lile tumbo la kucheulia. Mafuta laini yakiingia mle, bakteria huyageuza magumu. Ndiyo maana mchuzi wa kondoo huganda sahanini hujamaliza kula. DHA nyingi hupotea humo humo, ila kiasi hupenya, na kwa kuwa kondoo wa kawaida ana kidogo mno, hicho kidogo kinaonekana. Ulaya, chakula huweza kuitwa chanzo cha omega-3 kikiwa na angalau miligramu 40 za DHA na ndugu yake EPA kwa jumla kwa gramu 100, na vilevile kwa kila kilokalori 100. Mwanakondoo aliyelishwa Schizochytrium wiki za mwisho kabla ya kuchinjwa anaweza kufika hapo.

Ila mafuta hayo huchacha upesi. Nyama hupoteza wekundu mapema buchani, na ukizidisha kipimo inanukia samaki, kwa hiyo wafugaji huwaongezea kondoo vitamini E, inayozuia mafuta kuchacha. Majani mabichi yana vitamini hiyo bure, na omega-3 pia, ila ya aina nyingine, si DHA.

Wangu siku hizi wanakula majani na kulamba jiwe la chumvi. DHA nainunua asubuhi kwa mama wa dagaa.