Maswali na majibu: deni la kiufundi (njia za mkato za leo zinazokuja kulipiwa baadaye) kwenye programu zinazobeba uhai wa watu

Programu ya kifaa chetu cha tiba haijaleta ajali miaka yote hii. Tunaihamishia kwenye kifaa kipya. Kwa nini tuipime upya?

Kwa sababu huenda kilichowalinda hakikuwa programu. Therac-25, mashine ya Kanada ya kutibu saratani kwa mionzi, ilirithi msimbo (maagizo ya programu) wa zile zilizoitangulia. Therac-20, mojawapo ya hizo, ilikuwa na kasoro ileile ya programu, ila vizuizi vyake vya umeme viliidaka: fyuzi inakatika, inabadilishwa, kazi inaendelea. Therac-25 ikaondolewa vizuizi hivyo. Mwaka 1986 huko Tyler, Texas, mhudumu mwenye vidole vyepesi aliandika x (eksirei) badala ya e (elektroni), akarudi kusahihisha kabla ya sekunde 8 kwisha, sumaku za mashine zikiwa bado zinajipanga. Programu haikuona sahihisho. Skrini ikaandika “Malfunction 54”, ujumbe usiomwambia chochote, naye akabonyeza P iendelee. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi walifariki. Kabla hamjahamisha chochote, fungueni daftari la matengenezo muone ni fyuzi ngapi zimebadilishwa bila mtu kuuliza.

Msimbo usiotumika tena, tuuache tu? Bosi anasema haumdhuru mtu.

Roketi ya Ulaya, Ariane 5 ya kwanza, ililipuka 4 Juni 1996, sekunde 40 hivi tangu iwashwe. Hesabu iliyoiangusha haikuwa na kazi yoyote roketi ikishapaa. Ilibaki kwa ajili ya mahitaji ya Ariane 4, roketi iliyoitangulia. Kasi ya mlalo ikazidi, namba haikuenea kwenye biti 16 (nafasi iliyotengewa), kompyuta ya akiba ikazima, na ile kuu ikafuata kwa kosa hilohilo. Wahandisi walijua namba 7 zina hatari, wakakinga 4. Tatu waliziacha ili kompyuta isielemewe, na sababu hawakuiandika ndani ya msimbo. Hilo ndilo deni lenyewe, kuliko msimbo mchafu mnaoulalamikia. Msimbo usiotumika ufuteni.

Marekebisho yatachelewa. Tuwaambie watumiaji wawe wanazima na kuwasha?

Kwa muda, sawa, lakini tajeni namba. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilitahadharisha kwamba umeme wa ndege ya Boeing 787 ungeweza kukatika ikikaa imewashwa siku 248 mfululizo. Watumiaji wa Patriot, mfumo wa Marekani wa kudungua makombora, mwaka 1991, waliambiwa tu wasiiwashe “muda mrefu sana”. Ile ya Dhahran, Saudi Arabia, ilikuwa imewaka zaidi ya saa 100, saa yake ya ndani imepotea theluthi ya sekunde. Scud, kombora la Iraq, ikapita, ikaua wanajeshi 28 wa Marekani. Programu iliyorekebishwa iliwasili kesho yake.