Paa la sote

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, wenye nyumba wa ng'ambo wanazitunza nyumba zao kuliko sisi?" Mwanzo nilidhani mnakusudia Ng'ambo yetu hapa mjini Unguja, ya Michenzani na Kikwajuni, nikacheka peke yangu. Nilipofahamu kuwa ni Ulaya, hamaki zikanipanda. Mzungu anatunza nyumba, sisi je, tunalala vichakani?

Mie nakujibuni swali jengine: nyumba ni ya nani? Nyumba ya marehemu bibi iko Malindi, ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko. Mwaka mmoja mtoto wa ami yangu alikuja kutoka Uingereza wakati wa masika. Usiku wa kwanza mvua ilimfuata kitandani. Asubuhi yake hata chai hakunywa. Aliazima ngazi kwa jirani, akapanda, akashuka na kutu mikononi, akauliza: "Paa hili la nani?" Tukamjibu kwa pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani: "La sote!"

Mchana akatandaza karatasi juu ya mkeka. Bibi aliacha watoto saba, wanaume watatu na wanawake wanne. Basi kwa mirathi ya Kiislamu mafungu kumi, mwanamme mawili, mwanamke moja. Na matengenezo yalipwe vivyo hivyo. Katika kila milioni, shangazi atoe laki moja. Hesabu haikuwa na kosa, na hiyo ndiyo iliyoharibu siku. Shangazi akaweka upawa chini. "Mwanangu, nyumba niliyozaliwa ndani yake leo waniandikia fungu?" Ami mwengine akasema ngoja akaswali Adhuhuri kwanza. Alirudi baada ya Isha.

Jioni barazani kijana akatueleza ya kwake. Nyumba yake ya Leicester anailipia mkopo wa benki wa miaka 25, na watoto wakishakua ataiuza ahamie ndogo. Kuiuza! Paa analikagua kila mwaka kwa sababu mnunuzi atakuja na mkaguzi wake. Kumbe anamtunzia nyumba mtu asiyemjua. Jirani yake wa ukuta mmoja hamjui jina. Nilimwonea huruma, na nilimwambia.

(Wapangaji ni habari nyengine. Ujerumani kiasi cha nusu ya watu wamepanga, na dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu. Hapa unatakiwa miezi sita mbele, au mwaka. Hilo nalo liulizeni siku moja.)

Alipoondoka tulichanga kila mtu alichonacho. Hakikufika cha bati, kikafika cha ukuta tu. Fundi akapiga plasta ya saruji, ng'aring'ari, tukampongeza. Masika mawili baadaye ikavimba, ikaanguka vipande vipande. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji inaufungia unyevu ndani na chumvi inaisukuma plasta nje. Wazee walikuwa wakijua. Sisi tulikwenda kwa bei ya mfuko.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kuwa nyumba ya watu wengi hailali na njaa, na bado naamini. Bibi alifia mikononi mwa watu kumi na mmoja. Lakini Disemba 2020 niliona upande wa Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, umelala chini, na hilo nalo lilikuwa la sote. Mji Mkongwe wote ni urithi wa dunia tangu 2000, na ndani ya urithi huo sisi warithi tunahamisha ndoo kutoka chumba hiki kwenda kile. Kwa hiyo ndiyo, pengine wanatunza kuliko sisi. Paa, nakusudia, na ni wale wanaomiliki, na sijui kama ningependa kuishi kwao.

Juzi shangazi aliniita chemba, akaniuliza kama ile karatasi ya mafungu ninayo bado.